Mguu wa Kulia wa Dereva wa Zege

Siku hizi mlinzi wa geti la kiwanda cha zege hunywa chai yake ya asubuhi ikiwa bado ya moto. Kwa miaka kumi na saba hakuwahi. Kila ilipofika saa kumi na mbili kasoro dakika nane, kabla hajameza funda la pili, honi ya pikipiki ililia nje ya geti mara mbili, fupi fupi, kama mtu anayebisha hodi huku ameshaingia, na ikambidi aache kikombe akimbilie komeo. Sasa saa hiyo hupita kimya. Anasema mwanzoni kimya kile kilimkera kuliko honi yenyewe. Alikuwa akijikuta amesimama, mkono kwenye komeo, anamfungulia mtu ambaye haji.

Mwenye honi alikuwa dereva wa gari namba saba. Jina lake lilikuwepo kwenye karatasi za ofisi, lakini pale yadi hakuna aliyelitumia. Walimwita Dakika, na mvi zilipoanza kumtoka, kwa heshima, wakamwita Bwana Dakika. Zamu ilianza saa kumi na mbili na nusu. Yeye alikuwa anakuja mapema ili akae ndani ya gari, injini ikiwa imezimwa, mikono kwenye usukani, akisubiri kuanza kuchelewa.

Tuseme ukweli, kazi yenyewe ilikuwa ya kumtia mtu wazimu. Gari la zege lina pipa kubwa mgongoni, pipa linalozunguka muda wote, na ndani yake mna saruji, mchanga, kokoto na maji vinavyogombana. Tangu vitu hivyo vikutane, dereva ana saa moja na nusu. Ikipita hiyo, zege linaanza kuwa jiwe, na jiwe halimiminiki. Mwenye kubeba matofali akikwama njiani atakula muwa wake taratibu, matofali yatabaki matofali. Dereva wa zege amebeba saa. Analisikia pipa likinguruma nyuma ya kisogo chake, na baada ya miaka kadhaa hahitaji kuangalia mkononi. Uti wa mgongo unamwambia zimebaki dakika ngapi.

Bwana Dakika alilibeba pipa lile mpaka nyumbani. Alikula amesimama, sahani mkononi, kiuno kimeegemea kabati. Mgeni akisema tu "basi mimi," mlango ulishafunguliwa. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene, mtulivu, mwenye ulimi, na cherehani yake ilikaa dirishani sebuleni tangu walipooana. Alimzoea kama watu wanavyozoea kuishi karibu na reli.

"Baba watoto, kaa chini," alimwambia. "Nyumbani hakuna zege."

"Nimekaa."

"Umeegemea. Kuegemea si kukaa."

Hata alipokaa, mguu wake wa kulia haukukaa. Uliminya sakafu chini ya meza, ukaachia, ukaminya tena. Siku moja shemeji yake aliwapa lifti, mume akakaa mbele upande wa abiria, na safari nzima akawa anakanyaga zulia la gari. Shemeji alivumilia hadi mwisho wa lami, kisha akasema, "Kaka, taratibu, utanitobolea gari. Mafuta yako upande huu."

Walicheka wote, yeye akacheka zaidi. Alijua sababu ya haraka yake, na mtu akishajua sababu ya jambo hulibeba bila aibu. Ni zege, alisema. Aliwaambia polisi wa barabarani ni zege. Alimwambia mkewe ni zege. Ofisini kulikuwa na ubao ulioandikwa safari za kila dereva kwa siku, na namba saba ilikuwa juu mwaka baada ya mwaka. Madereva wengine walipita mbele ya ubao ule wakikohoa.

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, asubuhi ya jua kali. Alitoka yadi saa tatu na dakika kumi amebeba zege la ngazi ya jengo la ofisi. Kwenye kona ya karakana za maseremala, mbele yake lilitokea basi la wafanyakazi, zito, likitoa moshi. Akalipita. Upande wa pili wa barabara alikuwa anakuja mzee juu ya baiskeli ya kunoa visu, jiwe lake la mviringo limefungwa mbele kwenye usukani. Nafasi ilikuwepo, au ilionekana kama ipo. Bwana Dakika hakumgusa. Ni upepo wa gari tu, na woga wa mzee, na mtaro uliokuwa wazi. Katika kioo cha pembeni aliona gurudumu likielekea juu, linazunguka bure.

Mguu wake wa kushoto ulisogea. Wa kulia haukutoka kwenye mafuta.

Nitarudi, aliwaza. Nikimimina tu, nitarudi.

Akafika. Watu thelathini walikuwa wamekaa kwenye vivuli vya mbao na nondo, na gari lilipoingia wote walisimama kwa pamoja, makoleo mikononi. Msimamizi akampungia: "Huyo! Bwana Dakika huyo!" Zege likateremka kwenye mfereji wa chuma, laini, la kijivu. Akaangalia linavyoteleza na hakuliona, aliona gurudumu.

Aliporudi pale kwenye kona, mtaro ulikuwa mtupu. Fundi mmoja wa karakana akamwonyesha kwa kidevu zahanati iliyokuwa ng'ambo. Mzee alikuwa kwenye benchi la kwenye veranda, mguu umenyooshwa juu ya kiti kingine, kifundo kimevimba kama embe. Walikuwa wanasubiri gari la kumpeleka kupigwa picha. Mzee hakuwa ameona namba ya gari wala sura ya dereva. Yeyote angeweza kumpa pole na kuondoka zake.

"Mzee, ni mimi," akasema Bwana Dakika.

"Wewe ni nani?"

"Wa lile gari."

Mzee akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu, bila haraka. "Aa. Na ulikuwa unawahi nini?"

"Zege, mzee. Zege likichelewa linaganda."

"Zege la nini?"

"La ngazi."

"Ngazi," mzee akasema. Akausogeza mguu wake kwa mikono miwili kama mtu anayehamisha kitu cha jirani. "Sawa. Wakimaliza ngazi yao wapande vizuri, mimi sitaweza." Kisha akacheka, kicheko kikavu, na Bwana Dakika akatamani atukanwe.

*

Alijiripoti mwenyewe. Kwa hilo walimpa heshima, hata wale waliokuwa wanakohoa mbele ya ubao. Ofisa wa usalama alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, aliyekuja kiwandani mwaka ule, na madereva walimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa na tabia ya kuuliza swali na kungoja jibu. Alikuwa amefunga ndani ya kila gari kidude kidogo chenye kuandika mwendo. Alitandaza karatasi mezani.

"Ulitoka saa tatu na dakika kumi. Ulifika saa tatu na dakika arobaini na tisa. Ulikuwa na dakika ngapi mkononi?"

Akahesabu. "Hamsini na moja."

"Kwa hiyo ulikuwa unawahi nini?"

Ni swali lile lile, alilisikia kwa mara ya pili siku tatu tu baadaye, na sasa jibu lake lilikuwa fupi mno kwa mahali lilipopaswa kufika. Alisema barabara haitabiriki. Alisema ukiona mwanya unautumia, kwa sababu mbele hujui. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akavuta karatasi nyingine.

"Hii ni Jumatatu, siku moja kabla. Kwenda na mzigo, kilomita sitini na mbili kwa saa. Kurudi, themanini na nne. Hii ni wiki iliyopita. Kwenda sitini. Kurudi themanini na sita. Hii nayo hivyo hivyo." Akainua macho. "Bwana Dakika, wakati wa kurudi unakuwa umebeba nini?"

Mguu wake chini ya meza ulikuwa unaminya. Wote wawili walisikia kisigino kikigonga sakafu.

"Pipa tupu," akasema.

Walimpa miezi mitatu ya kuangaliwa. Akizidisha mwendo mara moja, au akipoteza mzigo mmoja, atashushwa kwenye gari namba saba na hatapewa jingine. Meneja alimsomea maneno hayo kwa sauti ya kusikitika, kwa sababu alikuwa anakipenda kile kilichoandikwa juu ya ubao. Bwana Dakika alisikia jambo moja tu: kiti. Kilikuwa kimechukua umbo la mgongo wake. Mahali pengine duniani hapakuwa na shimo lenye umbo hilo.

*

Kuendesha taratibu kulimuuma mwilini, ndivyo alivyomwambia mkewe, na hakuwa anatania. Mapaja yalikuwa yanakaza. Bodaboda zilimpita, malori ya mchanga yalimpita, siku moja gari la maiti lilimpita na dereva wake akampungia. Yadi walimbadilisha jina wakamwita Nusu Saa. Dereva wa namba nne, jamaa mmoja mwenye tumbo waliyemwita Bonge, alichukua nafasi ya juu kwenye ubao na kubaki huko.

"Nusu Saa, ukiona linakuwa gumu, tia maji," Bonge alimwelekeza, akitafuna kijiti. "Lita ishirini tu. Linalainika, unamimina, unaondoka. Nani atajua?"

"Nguzo itajua, itatoka dhaifu."

"Nguzo haina mdomo, bwana."

Jumapili alikuwa anakwenda kwa mnoa visu. Mzee alifungwa plasta, hawezi kukanyaga pedali, na visu vya mtaa havikungoja mfupa uunge. Basi Bwana Dakika akawa anapanda baiskeli ile iliyosimamishwa kwenye stendi yake, anakanyaga, na mzee anakaa upande wa pili wa jiwe juu ya stuli ndefu, ameshika kisu. Siku ya kwanza cheche ziliruka mpaka kwenye shati la mzee.

"We! We! Punguza! Unanichomea chuma!" Mzee akamwonyesha makali ya kisu, yamegeuka rangi ya bluu. "Unaona? Hiki kimeungua. Kitakata leo, kesho kitakuwa kijiko. Kanyaga kama mtu mwenye mke nyumbani."

"Ninaye."

"Basi kanyaga kama unamkumbuka."

Alikanyaga. Ilimchukua Jumapili tatu mguu kukubali mwendo ambao jiwe lilitaka, na hata hapo ulikubali kwa shingo upande, ukisubiri mzee aangalie pembeni.

*

Zilibaki wiki mbili miezi mitatu iishe. Alipakia saa saba na robo mchana, zege la nguzo za ghorofa ya tatu. Bonge alipakia baada yake, akamfuata nyuma. Kabla ya daraja walikuta magari yamesimama mstari mrefu. Lori la mbao lilikuwa limelala ubavu katikati ya daraja, mbao zimesambaa, watu wamesimama wanaziangalia kama wanasubiri ziamke.

Dakika kumi. Dakika ishirini na tano. Jua lilikuwa linapika bati la gari. Mgongo wake ulianza kusema.

Pembeni kulikuwa na njia ya waenda kwa miguu, pana, ya udongo, inayoshuka hadi kwenye daraja dogo la zamani. Gari la zege lingepita, kwa kubana. Ila ilikuwa saa nane, shule ilikuwa imetoka, na njia nzima ilikuwa sare na mabegi, watoto wanasukumana, mmoja anatembea kinyumenyume akisimulia wenzake hadithi.

Nyuma yake honi ikalia. Bonge alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Pita pembeni! Wewe ukipita nami napita!"

"Kuna watoto!"

"Piga honi, watakimbia! Watoto wana miguu!"

Bwana Dakika aliangalia mguu wake. Anasema aliuangalia kama unavyomwangalia mbwa wa mtu mwingine, hujui kama atauma. Ulikuwa juu ya mafuta. Haukuwa umeminya, ulikuwa umetulia pale. Akaunyanyua kwa mkono, kwa kushika suruali, akauweka chini ya kiti. Kisha akazungusha usukani kushoto, akasogeza gari mita mbili kwa klachi peke yake na kuziba mdomo wa njia ile, asipite mtu mwenye magurudumu. Bonge alimtukana kwa dakika nzima bila kurudia tusi. Halafu akarudisha gari nyuma, akapata upenyo kwenye uwanja wa wauza mitumba, akazunguka huko, na akafika. Bwana Dakika alibaki pale, maana angeondoka wengine wangeingia njia ya watoto.

Saa tisa kasoro robo ilipita. Mzigo ulikuwa umekufa. Kilichobaki ni kuokoa pipa. Alifungua maji ya tangi yote, na zege likayanywa kama halijaona. Lakini kwa siku kama hiyo kila gari la zege hubeba mfuko wa sukari. Ukitupa kilo mbili ndani ya pipa, zege linasahau kuganda mpaka kesho. Utalimwaga jalalani, lakini pipa litapona. Dereva yeyote anajua hilo. Akainua kiti, akatoa mfuko wa plastiki. Ulikuwa mtupu, una sisimizi wawili waliokauka. Na hapo akakumbuka. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuchelewa hata mara moja, na kila mfuko mpya waliompa aliupeleka nyumbani. Sukari ya gari namba saba walikuwa wameinywa kwenye chai.

Alicheka peke yake ndani ya gari, kicheko kibaya. Saa kumi na dakika ishirini pipa lilianza kuzunguka kwa shida, likanguruma, likakwama, likajaribu tena. Kisha likasimama. Hakuwahi kusikia sauti hiyo, sauti ya kutokuwa na pipa nyuma ya kisogo. Aligeuka kuangalia, kama mtu aliyeitwa.

*

Desturi ya yadi ilikuwa hivi: dereva aliyegandisha pipa huingia mwenyewe ndani kulivunja. Kuna kimlango ubavuni cha kupitisha mabega. Walimpa taa, barakoa, feni ya kuingiza hewa, nyundo na tindo, na Mwalimu akakaa nje kwa saa ya kwanza kuhakikisha anapumua. Ndani alikuta tumbo la chuma lenye jiwe lililonata kila upande, na hakuna pa kwenda. Mtu aliyekula amesimama miaka yote hiyo alikaa humo siku mbili, magoti yamegusa kidevu, akigonga. Kila pigo lilirudi masikioni mwake mara nne.

Siku ya pili, adhuhuri, kivuli kikaziba kimlango.

"Wewe uko humo?" Ilikuwa sauti ya mkewe.

"Niko."

"Unafanya nini?"

"Ninavunja zege, mama watoto. Unadhani ninapika?"

"Nimekuletea chakula. Leo utakula umekaa, utake usitake." Bakuli likapita, kisha kijiko. Alikula. Mkewe alibaki pale nje, ameegemea gari. Baada ya muda akauliza, "Yule mwenye miwani ameniambia ulikuwa unakimbia hata ukirudi mtupu. Ni kweli?"

"Kweli."

"Ulikuwa unakimbilia nini?"

Nyundo ilikuwa mapajani. Labda aliweza kusema kwa sababu hawakuonana nyuso. "Ukifika na zege," akasema polepole, "watu thelathini wanasimama. Unaelewa? Wamekaa, wamechoka, wewe unaingia, wote wanasimama. Hakuna anayekujua jina lakini wote walikuwa wanakungoja wewe. Halafu unamimina, inaisha, hawakuangalii tena. Basi ninarudi haraka nipakie, ili nikangojwe tena."

Kisha akasikia kiganja cha mkewe kikigonga bati la pipa, mara moja, si kwa upole.

"Na mimi je? Mimi nimekungoja miaka kumi na tisa. Ila hukuniona, kwa sababu nilikuwa nimekaa."

Akakwangua bakuli mpaka chini. Mkewe akasema, "Haya, lete bakuli, nina sketi ya watu ya kumaliza," akaondoka. Alimsikia akimsalimia mlinzi getini, na mlinzi akicheka kwa jambo alilomwambia.

Jioni ile alitoa kipande cha mwisho. Meneja alilikagua pipa kwa tochi, akasema limesafishwa vizuri, halafu akamsomea ile karatasi ya miezi mitatu. Alipoteza mzigo mmoja. Maneno yalikuwa maneno. Mwalimu alijaribu kusema kuhusu watoto wa shule, na meneja akasema watoto hawamo kwenye karatasi. Juu ya ubao, kwa siku ile ya daraja, namba nne ilikuwa na safari tano.

Bwana Dakika alirudisha ufunguo. Aliomba jambo moja, akubaliwe kupanda mara ya mwisho. Alikaa kwenye kiti kile labda kwa muda wa kuvuta sigara moja, na mlinzi anasema hakugusa usukani. Kisha akateremka upande wa abiria, ambao hajawahi kuteremkia, na nusura akose ngazi.

Sasa anaendesha gari la maji kwenye barabara mpya inayochongwa, mwendo wa saa mbili kutoka kwao. Analaza vumbi mbele ya mashine za kushindilia, kilomita nane kwa saa, na huja nyumbani kila Jumamosi mchana, na kabla hajafika mlangoni humtafuta mkewe dirishani, aliyekaa akimngoja.